Kiraka na Kikonyo

Neno kiraka limefanya kazi nyingi katika lugha yetu, na si zote zenye heshima. Kuna kiraka cha kaniki iliyotoboka. Kuna kiraka cha lami kinachowekwa barabarani kabla ya masika na kuondoka na maji ya mvua ya kwanza. Kuna na kiraka cha hotuba, pale mzungumzaji anapochomeka methali asiyoielewa ili kuziba pengo la hoja. Waandishi wa habari za kandanda peke yao ndio waliolipandisha cheo: kwao mchezaji kiraka ni yule anayecheza beki leo na kiungo kesho, na kocha humpenda. Nje ya uwanja, kiraka kimebaki kuwa alama ya ufukara. Aliyevaa kiraka hutazamwa, naye anajua kuwa anatazamwa.

Ndilo neno alilolitumia muuguzi mmoja, kwa nia njema kabisa, alipomweleza mdogo wangu kitakachofanyika baada ya saratani kuondolewa puani mwake. "Watakitoa kidonda, dada, halafu watakuwekea kiraka cha ngozi." Mdogo wangu ni fundi cherehani. Ameshona barazani kwa mama yetu, Tanga, kwa miaka 18, akiinama mpaka pua ikaribie kugusa sindano, kwa kuwa macho ya mtu mwenye ualbino mara nyingi hayaoni mbali. Viraka ameviweka vingi kuliko awezavyo kuvihesabu. Aliposikia neno lile alikusanya kanga yake, akasimama, akaniambia, "Kiraka huwekwa nguo iliyochakaa, kaka. Mimi sijachakaa." Tukarudi nyumbani.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisoma nikibishania vina na urari wa mizani. Leo nawaomba mnivumilie nizungumze juu ya ngozi. Naamini mada haiko mbali na zetu za kila siku, maana kwa majuma matatu baada ya siku ile kilichosimama kati ya mdogo wangu na matibabu lilikuwa neno moja. Nauli tulikuwa nayo, na kitanda kilikuwa kinamsubiri.

Kidonda chenyewe kilianza kama kigaga kidogo upande wa kushoto wa pua, karibu na ncha. Kilibanduka, kikatoa damu, kikafunga, kikabanduka tena. Baada ya miezi saba kilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati. Kinyama kilichokatwa na kupelekwa maabara kilirudi na jibu la saratani, ile inayoanzia katika seli bapa za tabaka la juu la ngozi. Ipo saratani nyingine ya ngozi, inayoanzia katika seli za chini za tabaka hilohilo, ambayo hutafuna polepole pale ilipo na ni nadra kusafiri. Hii ya mdogo wangu ikiachwa inaweza kusafiri hadi kwenye tezi za shingo, nayo ndiyo inayoonekana zaidi kwa watu wenye ualbino katika sehemu zetu za Afrika. Chanzo hakina fumbo. Ngozi yao haina, au ina kidogo mno, ile rangi inayowakinga wengine dhidi ya mionzi ya jua, na jua la pwani halina upendeleo. Losheni ya Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili yao, tulikuja kuipata yeye akiwa tayari mtu mzima. Utotoni alikingwa na kofia ya ukindu na ukali wa mama.

Wazee wetu walikuwa na neno jingine kwa watu kama yeye, neno ambalo leo wenyewe wamelikataa, nami silirudii hapa. Lilimfuata shuleni, sokoni na kwenye daladala. Mtu aliyekua akipigania namna ya kuitwa huwa na sikio kali kuliko letu sisi tunaojiita malenga. Kwa hiyo sikumwona mkaidi, ingawa mama alimwona hivyo, akamrushia methali zote alizonazo kuanzia ile ya ufa na ukuta. Niliona kwamba amesikia jambo katika neno lile, na kwamba pengine amelisikia sawasawa.

Nilikwenda peke yangu kumwona daktari wa upasuaji, mama wa makamo mwenye subira, ambaye Kiswahili chake kilikuwa fasaha mpaka tulipofika kwenye kazi yake, na hapo kikahamia Kiingereza. Nilimwuliza kazi hii inaitwaje, na kwa nini. Akacheka kidogo. Akavuta karatasi, akachora pua.

Muuguzi, alinieleza, alikuwa ameweka kazi mbili tofauti ndani ya neno moja. Katika kazi ya kwanza ngozi hukatwa kabisa kutoka mahali pengine, nyuma ya sikio, juu ya mtulinga au pajani, ikalazwa juu ya jeraha na kushonwa. Ngozi hiyo hufika haina damu. Siku za mwanzo huishi kwa kufyonza unyevu wa jeraha, kama mbegu juu ya pamba iliyoloa, mpaka vishipa vidogo vya damu viipande kutoka chini. Ikilazwa juu ya mfupa mtupu au gegedu iliyovuliwa utando wake, haina cha kufyonza, nayo hufa. Ikipona huweza kusinyaa, na mara nyingi rangi na unene wake hubaki vya kule ilikotoka. Kazi hii tunayo kwa jina: kupandikiza. Ni kitenzi kizuri, chenye shamba ndani yake, japo wanasiasa wameliharibu jina lake kwa kumwita pandikizi kila mtu wanayemshuku kuwa ametumwa na upande wa pili.

Kazi ya pili ni nyingine kabisa. Ngozi ya jirani ya jeraha hukatwa pande tatu na kuinuliwa pamoja na mafuta yaliyo chini yake; upande wa nne huachwa umeshikamana, damu ikiingia na kutoka kama kawaida. Kisha ngozi hiyo husogezwa, ikiwa hai, mpaka ifunike shimo. Rangi yake ni ya usoni, unene wake ni wa usoni, haya yake na jasho lake ni vya usoni. "Wahenga husema jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali," nikamwambia. Akaniambia nisiseme hivyo mbele ya wanafunzi wake, kwa kuwa watalirudia kila asubuhi.

Nikamwuliza ule upande wa nne unaitwaje. Akautaja kwa Kiingereza, neno ambalo asili yake ya Kilatini ni mguu mdogo. "Hapa ndipo uhai wake ulipo, mwalimu. Tukipakata hapa kabla ya wakati, ngozi yote itakuwa nyeusi na kufa."

Nilitoka na karatasi ile mfukoni na swali kichwani. Kiswahili kingeiitaje ngozi ya namna hii? Rafiki yangu mmoja wa Mombasa, mshairi ambaye hajawahi kukubali neno langu hata moja kwa mara ya kwanza, alipendekeza ulimi. Hoja yake ilikuwa na nguvu: seremala huita ulimi ile sehemu ya ubao inayochongwa ili iingie katika tundu la ubao mwingine, moto nao una ndimi, na kipande cha ngozi kilichokatwa pande tatu kina umbo la ulimi hasa. Nilikataa kwa sababu moja. Maneno haya yalikuwa yaende kwa mtu, kabla ya kwenda kwenye kamusi, na sikutaka kumwambia mdogo wangu kwamba atashonewa ulimi puani. Tukapitia mfuniko, tukauacha, kwa kuwa mfuniko huficha. Tukapitia pande, tukaliacha kwa kuwa halisemi lolote kuhusu uhai.

Kikonyo kilinijia jikoni, mama akichagua maembe. Embe lililoangukia chini bila kikonyo huanza kuoza kutokea pale pale lilipong'oka; lililochumwa na kikonyo chake hukaa. Kikonyo ni kile kijiti kinacholishikilia tunda, jani au ua kwenye tawi, na kwa ndani ndiyo njia ya chakula chake. Ndugu zetu wa Pemba wanalijua neno hili vizuri kuliko sisi wa bara la karibu, maana wana makonyo ya karafuu, yale yanayobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, ambayo nayo hayatupwi, hukamuliwa mafuta. Pale ambapo Kilatini kiliona mguu, Kiswahili kinaweza kuona tunda likiwa bado mtini. Ngozi yenye kikonyo. Mtu wa Mombasa alinyamaza kwenye simu kwa muda, kisha akasema, "Haya." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Baada ya jina, vitenzi. Daktari alikuwa amenichorea njia kuu ambazo ngozi ya jirani huhamia. Ya kwanza huvutwa mbele moja kwa moja mpaka ifike. Ya pili hukatwa kwa upinde na kuzunguka, kama mlango unaogeukia bawaba zake. Ya tatu hupita juu ya ngozi nzima isiyoguswa ikatua upande wa pili. Katika lugha yetu: kusogeza, kuzungusha, kuvusha. Tazameni, wapenzi wa sarufi, jinsi vyote vitatu vilivyo katika kauli ya kutendesha. Ngozi inasogea, inazunguka, inavuka. Daktari anaisogeza, anaizungusha, anaivusha. Kitendo ni cha ngozi yenyewe, aliye hai ndiye anayevuka, na mwenye kisu ni nahodha tu. Kitenzi pandikiza hakina hiyo adabu.

Mifano ipo mingi, na baadhi ina historia ya kupendeza. Alexander Limberg wa Leningrad aliliona jeraha kama umbo lenye pembe mbili za nyuzi 60 na mbili za nyuzi 120, yaani umbo la kashata iliyokatwa vizuri, akakata kashata ya pili ubavuni mwake ivuke na kuziba ya kwanza. Mholanzi J. F. S. Esser, ambaye kabla ya vita vya kwanza vya dunia alikuwa bingwa wa sataranji nchini mwake, mwaka 1918 alieleza ngozi yenye ndewe mbili: ya kwanza huziba shimo la pua, ya pili huziba pengo lililoachwa na ya kwanza, na pengo la ya pili, likiwa mahali ngozi ilipolegea, hufungwa kwa kuvutwa tu. Mcheza sataranji pekee angewaza hatua tatu mbele namna hiyo.

Lakini pua ya mdogo wangu ilihitaji njia ya kale zaidi. Shimo lingekuwa pana kupita uwezo wa ngozi ya puani penyewe, ambayo imebana na haina ziada. Ngozi ingetoka kwenye paji la uso.

Maarifa haya hayakuanzia Ulaya. Katika matini ya kale ya tiba ya Kihindi inayohusishwa na Sushruta kuna maelekezo ya kuunda pua iliyokatwa: jani la mti hupimwa kwa ukubwa wa pua, ngozi ya shavu ikakatwa kwa kipimo cha jani hilo ikiwa bado imeshikamana na shavu, kisha ikageuziwa puani. Ulaya walikuwa na njia yao; Mwitaliano Gaspare Tagliacozzi, katika kitabu chake cha mwaka 1597, alieleza kutumia ngozi ya mkono, na mgonjwa alifungwa mkono wake kichwani kwa majuma kadhaa mpaka ngozi ishike. Kisha mwaka 1794 jarida la London liitwalo Gentleman's Magazine likachapisha barua kuhusu mtu mmoja, Cowasjee, mwendesha ng'ombe wa mizigo katika jeshi la Waingereza huko India, aliyetekwa na upande wa Tipu Sultan akakatwa pua na mkono mmoja. Karibu na Pune, fundi wa tabaka la wafyatua matofali alimwundia pua mpya. Alitandaza nta juu ya kigutu cha pua, akaibandua, akailaza pajini, akaizungushia mstari, akaichuna ngozi yenye umbo hilo, akabakiza kamba nyembamba ya ngozi kati ya macho, akaipindua ikashuka. Baada ya siku 25 hivi ile kamba ikakatwa. Daktari wa London, Joseph Carpue, alizifuatilia habari za njia hiyo, akajizoeza kwa maiti, na mwaka 1814 akaitumia kwa mgonjwa aliye hai.

Ile kamba nyembamba kati ya macho ni kikonyo. Fundi wa matofali alijua. Huwa nawaza kwamba majahazi yaliyokuja na kaskazi yalituletea nguo za Gujarati, na lugha za upande ule zikatupa gari, bima na gunia, ila maarifa haya yalitufikia kwa kuzunguka London.

Nilimpelekea mdogo wangu karatasi, jina na vitenzi. Hakuniambia kitu. Alichukua kipande cha marekani, akakata shimo, akachora umbo pembeni, akaligeuza, akajaribu kulishona. Kitambaa kilikusanyika kwenye pembe ya mzunguko kama kawaida ya kitambaa kilichopinduliwa. "Hapa watapafanyaje?" akauliza. Nikamwambia daktari naye hupunguza pembetatu ndogo mahali hapo ili mshono ulale. Akaitikia kwa kichwa. Ndivyo naye angefanya. Kisha akauliza swali la fundi, ambalo sisi wengine hatukuwa tumeliuliza: "Na huku nguo ilikotoka, panafungwaje?" Pajini, nikamwambia, kingo mbili zitavutwa na kushonwa kwa mstari wa kusimama, juu karibu na nywele pakishindwa kufika pataachwa pajazie penyewe, na aghalabu hupona vizuri. Alitazama kile kitambaa kwa muda mrefu. "Kwa hiyo hawaongezi kitu. Wanapanga upya kilichopo." Siku ya pili aliniomba nimsindikize.

Kulikuwa na masharti mengine aliyoyasikia kutoka kwa daktari mwenyewe. Paji la mtu mwenye ualbino limepigwa na jua lilelile, kwa hiyo ilibidi likaguliwe kwanza kwa makini, isije ngozi ya kuokolea ikawa yenyewe inahitaji kuokolewa. Pili, uso usingejengwa siku moja na kubomolewa. Saratani hukatwa na pindo la ngozi inayoonekana nzima, kwa kawaida milimita 4 hadi 6 kwa saratani ya aina hii isiyo ya hatari kubwa, kisha kingo zote hupimwa maabara. Kuvusha ngozi nzuri juu ya mabaki ya saratani ni kuyafunika yakue gizani. Kwa hiyo alikaa siku tisa na shimo puani chini ya bandeji, akisubiri neno jingine, safari hii kutoka maabara. Neno lilikuwa safi.

Wakati huo wa kusubiri ndipo nilipojifunza kwa daktari jambo ambalo nadhani litawagusa washairi kuliko yote. Mwaka 1861, huko Vienna, mwanaanatomia Karl Langer alionyesha kwamba ngozi ya maiti ikitobolewa kwa kitu cha mviringo, tundu halibaki mviringo; hufunguka kama mpasuo, na mipasuo hiyo hujipanga kwa mistari yenye mwelekeo. Ngozi ina mvuto wake wa ndani. Mpasuaji wa uso husoma mistari hiyo pamoja na mikunjo ya kicheko na ya paji, akaulaza mshono ndani yake ili kovu liende kule ambako uso ungejikunja hata hivyo. Na mwaka 1985 Wamarekani wawili, Gary Burget na Frederick Menick, walieleza kanuni ya kuigawa pua katika sehemu 9, kwa kufuata mabonde na migongo ambako mwanga na kivuli hubadilika. Shimo likila zaidi ya nusu ya sehemu moja, wao hukata na kiasi kilichobaki cha sehemu hiyo, ingawa ni kizima, ili ngozi mpya ichukue sehemu yote, na mshono ukae mpakani.

Kukata kilicho kizima ili ushonaji usionekane! Mwanzoni ilinikera. Baadaye nikafikiri juu ya mshororo. Pumzi inayokatwa kati ya ukwapi na utao hakuna anayeisikia kama mkato, kwa kuwa sikio lilikuwa linaisubiri pale. Ipeleke mizani mbili mbele, katikati ya neno, na hata mtoto atakunja uso. Ndiyo maana mrekebishaji mzuri wa shairi lenye kipande kibovu hapachiki neno moja katikati, bali huandika upya kipande chote mpaka kwenye kina. Jicho nalo husamehe mstari mahali linapotarajia mpaka. Daktari hakuwahi kuhesabu mizani maishani mwake, na nilipomwonyesha ubeti wangu kwa mfano alisema tu kwamba anaona mshono.

Fomu ya ridhaa ilikuwa na mstari mmoja wa jina la upasuaji. Daktari aliujaza kwa Kiingereza. Mdogo wangu akaomba kalamu, akanipa mimi, akataka chini yake yaandikwe maneno anayoyajua. Nikaandika: ngozi ya paji kuvushwa hadi puani pamoja na kikonyo chake, kikonyo kukatwa baada ya majuma matatu. Akaisoma akiwa ameiweka karibu na jicho, akatia sahihi. Sijui kama hati ile ina uzito wowote kisheria zaidi ya ule wa mstari wa juu yake. Kwake ulikuwa ndio mkataba.

Majuma yale matatu sitayaeleza kirefu, maana ni yake. Upasuaji ulifanywa kwa nusukaputi. Alipoamka kulikuwa na ngozi iliyopinda kutoka kwenye nyusi, ikavuka katikati ya macho na kutua kwenye ncha ya pua, mshipa wake wa damu ukipanda kutoka pembe ya ndani ya jicho. Ilivimba, ikawa na rangi ya zambarau iliyotutia hofu, kisha ikapoa. Miwani haikuvalika. Watoto wa mtaani walisema ana mkonga. Mtu ambaye maisha yake yote ametazamwa sasa alikuwa na kitu cha kutazamwa hasa, naye akachagua kukaa barazani, chini ya kivuli, cherehani mbele yake, badala ya kujifungia ndani kama mama alivyotaka. Wateja walipouliza, aliwaambia: "Ni kikonyo. Kinasubiri." Wengi walilielewa neno hilo mara moja, bila maelezo, na walioelewa waliacha kukodoa macho. Mwanamke mmoja, muuza ndizi, aliuliza kama kitakatwa kikishaiva.

Kulikuwa na jambo la ajabu ambalo daktari alikuwa ametutahadharisha nalo. Kikonyo kilikuwa kimebeba mishipa ya fahamu pamoja na ile ya damu. Inzi akitua puani, mdogo wangu alimhisi pajini. Aliinua mkono kumfukuza mahali ambapo hakuwapo. Kwa siku za kwanza ilimchekesha, kisha ikamsumbua usiku, kwa kuwa hakujua tena pua yake iko wapi.

Siku ya 22 kikonyo kilikatwa, kwa sindano ya ganzi tu, na mabaki yake yakarudishwa kwenye nyusi. Vishipa vya pua vilikuwa vimeshaipokea ngozi. Sasa ni mwaka mmoja na miezi miwili. Pua ni nene kidogo upande wa kushoto, na daktari ameahidi kuipunguza akitaka; mpaka sasa hajataka. Kovu la pajini ni mstari mwembamba unaopotea anapokunja uso, na hukunja uso mara nyingi. Kila baada ya miezi mitatu hurudi kukaguliwa ngozi na tezi za shingo. Kofia ni ya ukingo mpana, ameishona mwenyewe, na upande wa ndani ameutia kitambaa cheusi ili mwanga usimrukie machoni.

Juma lililopita alinipigia simu kutoka hospitali. Amekutana huko na mzee mmoja wa Muheza, mwenye kidonda chini ya jicho, aliyekuwa amekwisha kuvaa viatu vyake aondoke. Aliambiwa atawekewa kiraka. Mdogo wangu alikuwa ameketi naye kwenye benchi, na alitaka nimkumbushe upesi kile kitenzi cha kati, cha ngozi inayogeuka kama mlango, kwa kuwa shavuni, alisema, daktari anataka kuizungusha.